Mguu wa Mpiga Kura

Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Wangu nusura uponze mguu wa mtu.

Mimi ni muuguzi wa kuzunguka majumbani. Mwaka mmoja nilikuwa nikienda mji wa Carrollton, huku ng'ambo, kila asubuhi kusafisha kidonda cha mama mmoja mzee, mgonjwa wa sukari, mkali kama pilipili. Wauguzi wawili alishawafukuza. Alitaka mguu upone upesi apande ndege akapige kura kwao, kisiwani Taiwan, kwa sababu ukiwa ughaibuni hupigi. Safari yote hiyo kwa ajili ya kutia karatasi sandukuni! Mimi tangu nihame Kenya sijapiga kura, wala haijaniuma.

Asubuhi moja, nikiwa na glavu mkononi, rafiki yangu Mkenya wa mji wa Irving akapiga simu. “Wacha nita-call baadaye,” nikamwambia. “Niko kwa yule Mchina wangu.”

Mama akavuta mguu. Kiswahili hakijui, lakini ndani ya neno lile aliisikia China waziwazi. Nikamweleza kwamba kwetu kila mwenye sura kama yake huitwa hivyo, si tusi. Akafunika mguu kwa blanketi, akasema nisirudi tena.

Niliona aibu, ila udadisi ukaishinda. Nikamuuliza China imemkosea nini. Akasema mababu zake walitoka huko, na hata lugha ni ile. Lakini watu wa kisiwani huchagua rais wao wenyewe, na jirani huyo mkubwa kila siku huwaambia kwamba wao ni mali yake.

“Kwenu mtu wa Taiwan anaitwaje?”

Kusema kweli sikuwahi kumsikia mtu akimtaja. Nikatunga palepale: Mtaiwani. Akalirudia mara tatu, kisha akaniamuru nimpigie rafiki yangu, nisahihishe, naye asikie.

Nikapiga, nikaweka spika. “Yule mama si Mchina. Ni Mtaiwani.”

Rafiki yangu akacheka mpaka akakohoa. “Aii, si ni wale wale tu!”

Mama akauliza amesema nini. Nilitamani sana kudanganya, maana kidonda kile kikilala siku mbili bila kusafishwa, safari ingekuwa imekwisha. Nikamwambia ukweli.



“Jirani yetu naye husema hivyo hivyo,” akasema, akiutoa mguu nje ya blanketi. “Ila yeye hacheki.”