Koti la Awoowe Lisilo na Lebo

Nyumbani kwetu Garissa nguo haivaliwi kabla ya mkasi wa hooyo, mama yangu, kuipitia. Lebo yenye farasi, simba au mamba hukatwa siku ileile nguo inapotoka sokoni, maana hataki mtu aswali na mnyama shingoni. Fulana zangu zote zina tundu kisogoni. Darasani wananiuliza kama nimetafunwa na panya aliyesilimu.

Hayo niliyavumilia miaka yote. Wiki moja kabla ya Idi iliyopita, nikashindwa.

Hooyo alikuwa anapanga nguo za sadaka mkekani, na juu ya rundo nikaona koti la awoowe, babu yangu, aliyefariki mwaka juzi. Koti la sufu, la kijivu, zito kama mbuzi aliyelowa. Alilivaa alipokuwa akipeleka ng'ombe Nairobi kwa lori. Nyumba nzima, mwenye mabega ya kulijaza ni mimi peke yangu.

"Hooyo, hili si la kutoa."

"Na joto hili utalivaa wapi? Ndani ya friji?"

Sasa, kuna muuza mitumba mmoja sokoni aliyenifundisha kusoma lebo. Ya zamani imefumwa kwa uzi, haikupigwa chapa tu, na mara nyingi inataja nchi. Nguo kuukuu, husema, usiiuze wala usiigawe kabla ya kuiuliza umri. Nikageuza kola. Tundu! Nyuzi nne zinaning'inia.

"Nani amekata hapa?"

"Kulikuwa na farasi."

"Umekata farasi na cheti chake cha kuzaliwa!"

"Waryaa, we kijana, punguza sauti. Koti haliendi kuomba kitambulisho."

Hapo ndipo nilipowaka. Mimi, Msomali wa Garissa, nikifika miaka kumi na minane nitahojiwa mpaka jina la babu wa babu yangu ndipo nipewe kitambulisho, halafu koti lililokuja na karatasi zake limenyang'anywa bila hata kuulizwa swali!

Nikalipekua kama askari wa kizuizi cha barabarani. Ndani ya mfuko wa kifuani nikakuta lebo nyingine, ndogo, haina mnyama, ndiyo maana ilisalimika: limeshonwa Ujerumani Magharibi.

"Hooyo, nchi hii haipo tena! Ilikwisha kabla wewe hujaolewa. Hili koti ni la thamani, wallahi."

Akaisogeza lebo karibu na macho. "Thamani kweli?"

"Sana!"

"Na wewe unalipenda?"

"Kuliko nguo zangu zote."

"Alhamdulillahi," akasema, akilikunja taratibu. "Nilikuwa naona haya kumpa mtu nguo ambayo sisi wenyewe hatuitaki."

Yaani mimi mwenyewe nilisimama shahidi, nikatoa ushahidi, nikajifunga! Na kwa kuwa hooyo hana huruma, akanituma mimi nilipeleke kwa mlinzi wa usiku wa madrasa.

Mzee alilivaa papo hapo, baada ya swala ya alasiri, jasho likimtiririka. Mabega yalimpwaya. Akaingiza mkono mfuko wa kifuani, akaivuta ile lebo.

"Imeandikwa nini hapa, kijana?"

"Maagizo ya kufua," nikamjibu.

Akacheka, akanishika kichwa, akamwombea awoowe pepo kwa dua ndefu kabisa. Niliitikia amina kila aliposita, kwa sauti, meno nimeyauma.