Walipokuja Kunitaka Radhi

Miaka ile ya tisini, siku moja kabla ya kila dawa, hofu ilikuwa ikinishika hata kulala siwezi. Dawa yenyewe ni ya saratani ya titi, ile ya kutundikiwa mshipani. Nilijituliza kwa kuchambua mchele kwenye uteo, punje kwa punje.

Nachambua hivyo kabla ya dawa ya nne, nyumbani kwetu Mji wa Kale, akaingia jirani. Akanishika mkono.

"Shoga, kama nilikukosea, nipe radhi."

Nikacheka. "Kwani wasafiri, waniaga?"

Hakuondoka mpaka nilipomwambia nimemsamehe. Akaja jirani wa pili, kisha mke wa muuza kahawa analia, na maneno ni yale yale. Kwetu, radhi ya namna hiyo hutakwa kwa mtu anayekata roho.

"Nani kawaambia nafa?" nikamwuliza huyo mke wa muuza kahawa.

"Wifi yako. Apita nyumba hadi nyumba."

Dada wa mume wangu huyo! Asubuhi ile ile kaninywesha uji kwa mkono wake, akaniambia nimenawiri. Jioni naye akaja, macho chini.

"Wifi, nisamehe."

"Hao wengine nimewasamehe," nikamwambia. "Wewe ngoja nipone kwanza."

Kesho yake nilikwenda kutundikiwa ile ya nne. Nilipona, na wifi radhi yangu hajaipata hata leo.