Kabati Lililoombewa Jericho

Miaka ya sabini niliendesha pikapu ya duka moja la fanicha kule Viwandani. Kazi yangu ilikuwa kupakia mzigo, kuufikisha, kutiliwa sahihi na kurudi. Tajiri alisema kazi hiyo haihitaji mdomo. Kwa maoni yake, mdomo ndio uliokuwa ukiwachelewesha madereva.

Alasiri moja nikapewa kabati la nguo nilipeleke mtaa wa Jericho. Mteja alikuwa karani aliyeoa majuzi. Lilikuwa la mvule, refu, na mafundi walikuwa wamelifunika shuka nyeupe wakalipigia mbao pembeni lisikwaruzwe.

Nilikuta watu wamejaa nje ya nyumba yake na ya jirani, viti vimepangwa, wanawake wamejitanda leso. Nikadhani karani amefanya karamu ya kabati. Nikarudisha gari nyuma taratibu, nikafungua turubai.

Kilio kilichoinuka hapo sijakisahau.

Wanaume wakaja bila kuitwa, wakaliteremsha kabati kwa heshima kubwa.

"Wazee, ngojeni kwanza," nikasema.

"Pole sana, dereva," mmoja akanijibu akinishika bega. "Hata wewe limekugusa."

Wakalilaza juu ya mabenchi. Mtu akaweka maua juu yake. Mchungaji akavua kofia, nami nikavua yangu, kwa kuwa sikujua la kufanya. Akaomba. Akamshukuru Mungu kwa maisha ya aliyelala humo ndani, kwa upole wake, na kwa jinsi alivyowatunzia wengine vitu vyao bila kulalamika. Sikuona la kupinga.

Maombi yakiendelea, nikajipenyeza hadi kwa mjane, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Nikachutama.

"Mama, pole kwa msiba. Lakini lile ni kabati."

Akaniangalia. "Kabati la nini?"

"La nguo. La jirani yako, yule karani."

"Na mume wangu yuko wapi?"

"Sijui, mama. Mimi natoka dukani."

Akajifunika uso kwa leso, mabega yakaanza kutikisika. Wanawake wakamkumbatia, wakalia naye. Mimi nilikuwa karibu zaidi, nikasikia kwamba alikuwa anacheka.

"Mwache mchungaji amalize," akaninong'oneza. "Ukimkatiza huanza upya."

Amina ilipoitikiwa, mwanamume mmoja akaja mbio kutoka barabarani. Gari lililotumwa mochari kumchukua marehemu lilikuwa limekufa Jogoo Road, jeneza likiwa ndani, na watu wameanza kulizunguka. Ndipo waombolezaji wakaligeukia lile sanduku jeupe. Mchungaji alivaa kofia yake polepole. Kisha wote wakaiangalia pikapu yangu.

"Baba, utatusaidia?" mjane akauliza.

Wanaume walikuwa tayari wamepanda nyuma, kwa hiyo swali lake lilikuwa la adabu tu.

Akaketi mbele pamoja nami. Tulipofika tukalihamisha jeneza, nami nikashika upande mmoja. Lilikuwa jepesi kuliko kabati, na jambo hilo lilinisumbua njia nzima ya kurudi.

"Unaendesha polepole hivi kila siku?" mjane akauliza.

"Nikiwa na mzigo, mama."

"Yeye alikuwa mtu wa haraka. Hata chai alikunywa amesimama. Kwa mwendo huu angekuwa ameshashuka akatembea."

Safari hii hakucheka. Aliweka mkono kwenye kioo cha nyuma, upande lilipokuwa jeneza, akauacha hapo mpaka tukafika. Nikazidi kupunguza mwendo. Magari yaliyokuwa nyuma yetu hayakupiga honi, jambo ambalo Jogoo Road si la kawaida.

Karani alikuwa amerudi kutoka kazini na kukuta kabati lake limelazwa nje, limewekwa maua. Akasema halichukui, nilirudishe.

Mke wake akamgeukia. "Ni kabati gani lingine humu Jericho limefanyiwa ibada?" akamuuliza. "Tia sahihi. Kisha twende tukawape pole majirani."

Akatia sahihi.

Tajiri alikuwa akinisubiri langoni, uso umekunjamana.

"Ulikuwa wapi?"

"Kuna gari liliharibika, nikawasaidia kubeba."

"Kubeba nini?"

"Mume wa mtu."

Akachungulia nyuma ya pikapu. Kisha akauliza kama kabati lilikwaruzwa. Nikasema halikukwaruzwa, naye akaniambia nikaegeshe gari.