Kumwogesha Cucu

Msimu wa kahawa, kijiji chetu karibu na Runyenjes kilinuka maganda yaliyochacha kiwandani, na harufu hiyo iliingia hadi chumbani kwa Cucu, mama wa baba. Alikuwa mgonjwa, akimngoja binti yake wa pekee, Shangazi Wawira, arudi kutoka Amerika amwogeshe. Mama alipomsogelea na karai la maji, Cucu alijifunika gubigubi, kwa maana kwetu mke wa mwana hamwoni mkwewe uchi. Basi kazi ikaniangukia mimi, niliyepewa jina lake, Igoki. Alisema kuogeshwa na mimi ni sawa na kujiogesha mwenyewe. Nilikuwa darasa la sita, na wepesi wa mwili wake uliniogopesha.

Huko Amerika, Shangazi alikuwa akilipwa kuogesha wazee. Wenyeji walimpokea vizuri siku hizo. Watu wa kanisani walimletea makoti ya baridi, na hakuna aliyemwuliza viza yake imeisha lini. Ilikuwa imeisha kitambo. Siku moja baba alimpigia simu tukiwa chumbani, akaiweka kwa sauti.

"Uje, Wawira. Mami anakuita."

"Nikitoka huku sitaruhusiwa kurudi. Na nikirudi kabisa nikae, si mtanicheka? Yule kijana wa kwa Nyaga alipofukuzwa huku, mlimfanya nini?"

Tulikuwa tumemcheka, soko zima, kana kwamba ameiba. Cucu alisikia yote. Aligeukia ukuta, akaniambia, "Endelea, Igoki." Alifariki kabla kahawa haijaisha, na Shangazi hakuja.

Sasa Shangazi naye amezeeka. Ananiambia kwamba wale wale wa makoti siku hizi husema waziwazi kuwa wasio na karatasi waondolewe wote, na kila asubuhi humfungulia mlango aingie kuwaogesha mama zao. Kanisani ameacha kwenda, anaogopa kukamatwa. Mimi husikia uchungu nikisikia hayo, nikawakasirikia Waamerika, halafu nakumbuka kicheko cha soko letu na hasira inakosa pa kusimama. Juzi nilimsihi arudi, nyumba ipo.

"Watu watasema nini?" aliuliza.

Nilimwambia hakuna atakayesema kitu. Alijua ninadanganya, akanishukuru, akasema amechelewa kazini.