Kilima cha Inchi Kumi na Tatu na Nusu

Wadau, kuna siku nilijiumbua kwa kupata jibu sahihi.

Sio kukosa. Kupata.

Tena mbele ya watu karibu mia nne, mchana kweupe, mdomo wangu umejaa mbegu za alizeti.

Naitwa Kurt Brekke. Nina miaka thelathini na nane, naishi Holm Prairie, kamji ka Minnesota ambako ukipiga chafya ukiwa unaendesha gari umeshakapita. Siku za kazi natengeneza mashine za kukaushia mahindi. Jumapili narusha mpira wa besiboli kwa timu ya mji.

Na msimu ule nilikuwa wa moto.

Michezo tisa nyumbani, nimeshinda yote tisa. Wapigaji walikuwa wanakuja na fimbo begani kama wababe, wanachapa hewa mara tatu, wanarudi benchi wapole kama wakwe.

Ugenini je?

Tuongee mambo mengine.

Haya, nitasema. Ugenini nilitwangwa. Kule Kelmor ndiyo usiseme, walinipiga mpaka mipira ikaisha kwenye ndoo. Nikasingizia jua. Nikasingizia safari. Kuna siku nilisingizia saladi ya viazi.

Sasa siku ya tukio, hao hao Kelmor wamekuja kwetu, na sisi tunaongoza. Katikati ya mchezo, Mwalimu Verna akashika kipaza sauti. Huyu mama alifundisha kemia miaka thelathini, siku hizi ndiye mtangazaji wetu. Kila mchezo anauliza swali moja la historia ya besiboli. Anayepata analamba soseji yenye kabichi chachu.

"Swali la leo!" akasema. "Mwaka 1968 warushaji wa ligi kubwa waliwaonea wapigaji mpaka ikawa aibu. Mpigaji wa kawaida alikuwa hagongi vizuri hata mara moja katika nne. Mwaka uliofuata, wakuu wakakata kilima anachosimamia mrushaji. Kilikuwa inchi kumi na tano. Wakakishusha hadi ngapi?"

"Kumi!" nikabwata kutoka benchi.

"Kumi ni sahihi! Soseji kwa Kurt!"

Watu wakapiga makofi. Nikainua kofia, mnajua tena.

Hapo akasimama Deke Vosberg, mdakaji wa Kelmor. Jitu la miraba minne, na kazi yake ya kila siku ni kupima viwanja na mashamba ya watu. Alikuwa amekitazama kile kilima chetu tangu mchezo uanze.

"Kaka," akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza limonadi. "Kwa hiyo unajua ni kumi?"

"Kila mtu anajua. Hata ligi yetu ni kumi."

"Basi hiki kichuguu mnachosimamia ni cha nini? Au kwenu mwaka 69 haujafika?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mpaka wa kwetu walicheka. Mpaka mke wangu Janelle alicheka, nilimwona.

"Lete kamba yako upime!" nikamjibu. "Ikizidi hata inchi moja, msimu ujao narusha kwa mkono wa kushoto!"

"Nimekusikia. Refa, umemsikia?"

Refa alisikia. Akaandika kwenye kijitabu chake. Jumapili inayofuata ndiyo mtoano ulikuwa unaanza, na mtu wa ligi angekuja kupima.

Tulishinda ule mchezo. Lakini ile soseji sikuimaliza.

Jumatatu nikitoka kazini nilipitia uwanjani na kamba, pimamaji na futi ya chuma. Nikavuta kamba kutoka kileleni mpaka pale anaposimama mpigaji. Nikasoma.

Inchi kumi na tatu na nusu.

Nikasema futi ni mbovu. Nikapima tena.

Kumi na tatu na nusu.

Nilikaa chini pale pale. Mrushaji akiwa juu, mpira unamshukia mpigaji kutoka pembe mbaya, anaugonga vibaya au haugongi kabisa. Wageni wangu nao walirusha kutoka hapo hapo, lakini wao hawakukizoea, miguu inateleza, mipira inaruka huku na huku. Mimi nilikuwa nakifanyia mazoezi kila wiki.

Kwa hiyo zile tisa zangu hazikuwa mkono wangu. Zilikuwa udongo.

Hasira ikanipanda. Mtunza uwanja wetu ni Mzee Wendell, ana miaka sabini na nne. Kesho yake asubuhi nikamfuata mgahawani, anakunywa kahawa na wenzake.

"Mzee Wendell, nani kakutuma utuinulie kilima?"

Wenzake wakaweka vikombe chini.

Mzee akakoroga kahawa yake taratibu, wala haikuwa na sukari.

"Kurt, mara ya mwisho kuniona nimebeba sururu ni lini?"

Nikafikiri. Sikukumbuka.

"Magoti yangu yalikufa miaka mitatu iliyopita. Mimi nakata nyasi kwa trekta tu. Kile kilima kina fundi wake. Wewe kila siku unapita, hujawahi kuuliza nani anakishindilia."

"Nani?"

Akaangalia kikombe. "Kamuulize mama yako."

Wenzake wote wakapata kitu cha kutazama dirishani.

Nilifika kwa mama sijui hata niliendeshaje. Mama yangu anaitwa Lorna, ana miaka sitini na sita, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Nilimkuta jikoni anapanga matango kwenye chupa za siki.

"Mama, umekiinua kilima?"

Hakushtuka. Akafunga kifuniko cha chupa aliyoishika.

"Kimefika ngapi?"

"Kumi na tatu na nusu!"

"Mh. Nilidhani kumi na tatu."

"Mama! Nimekuwa kichekesho! Kesho watasema Brekke anashindiwa na mama yake! Nani kakuambia nataka kushinda namna hiyo?"

"Kushinda?" Akanigeukia. "Nani kasema habari ya kushinda?"

"Sasa uliinua kwa nini?"

Akafuta mikono kwenye aproni. Akanyoosha kidole, akanigusa hapa, kwenye taya la kushoto.

Wadau, sijawaambia hili. Miaka mitatu nyuma, mpigaji mmoja aliurudisha mpira moja kwa moja usoni kwangu. Taya likavunjika. Wiki sita nilikuwa nakula kwa mrija. Mimi nililigeuza kuwa hadithi ya kuchekeshea watu. Nilishasahau.

"Ulianguka hukuinuka," mama akasema. "Nilikuwa mstari wa pili. Nilihesabu mpaka arobaini na moja ndipo mguu wako ukatikisika. Nikakwambia uache, ukacheka. Nikakwambia uvae ile kinga ya kichwani, ukasema ni ya watoto."

Nikajishika taya.

"Halafu siku moja Verna akauliza swali lake. Kwamba mwaka ule wa kilima kirefu, wapigaji hawakuwa wanaugonga mpira sawasawa. Nikasema, Lorna, hicho ndicho unachokitaka. Kila theluji ikiyeyuka naenda na toroli. Inchi moja na ushee. Natia udongo wa mfinyanzi, nashindilia, namwagia maji. Kama mpumbavu huyu haachi kurusha, basi wasimpige kwa nguvu."

"Mama..."

"Ugenini sikuweza kufanya kitu. Ugenini nilikuwa nakaa kwenye gari mpaka mchezo uishe."

Nilikuwa nadhani anakwepa jua.

Nikavuta kiti nikakaa. Nilikuja na maneno makali kama kumi hivi, yote yakayeyuka. Nikaanza kumsaidia kupanga matango.

Jioni ile ile nikampigia simu mtu wa ligi, Bwana Halvorson, nikakiri kuhusu kilima kabla hajaja kupima. Nilisema ni uwanja wetu na mimi ndiye nilisimama juu yake, jina la mama sikulitaja. Alhamisi akatoa hukumu. Ushindi wote tisa wa nyumbani umefutwa. Mtoano hatumo.

Wenzangu walinichukia kwa siku mbili kamili. Mmoja aliniachia soseji mbichi juu ya kioo cha gari, na karatasi: "Zawadi yako, profesa."

Jumamosi nikaenda kukikata kilima. Nikamkuta mama ameshafika na toroli lake. Tulikwangua, tukapima, tukakwangua. Kilipofika kumi akakikanyaga kidogo kwa kiatu, kama anamwambia kwaheri.

"Kinga ya kichwa nimeagiza," nikamwambia. "Imefika jana."

"Ya watoto?"

"Saizi yangu, Mama."

Sasa mnadhani Deke Vosberg alikuwa anakula raha zake mtoanoni?

Subirini.

Bwana Halvorson, baada ya simu yangu, alikosa usingizi. Akaamua apime viwanja vyote vya ligi. Ijumaa akafika Kelmor, nyumbani kwa mpima ardhi mwenyewe.

Kilima chao kilikuwa inchi sita na nusu.

Sita na nusu! Walikuwa wanakikwangua kila mwaka ili wapigaji wao wajichumie mipira kama maembe. Kumbe nilikuwa nimesimama shimoni! Nao wakafutiwa ushindi wao wa nyumbani, nao wakatolewa. Nyani haoni kundule.

Deke akanipigia simu mwenyewe.

"Kurt. Jumapili huna kazi, mimi sina kazi."

"Kwa hiyo?"

"Njoo unirushie. Kwenye kumi halali. Na mkono wa kulia, nimekusamehe."

Tulicheza kirafiki pale kwetu. Watu walijaa kuliko siku yoyote ya mtoano. Nikarusha nikiwa na kinga chini ya kofia, nafanana na uyoga. Nilipigwa, aisee. Nami nikawatoa wachache kwa mapigo matatu ya hewa, Deke mara mbili, na hizo mbili ni zangu kabisa. Wapigaji wetu nao wakaamka. Ikawa mtu anarusha, mtu anagonga, watoto wanakimbiza mipira kwenye mahindi. Tulifungwa kumi na nne kwa kumi na tatu, na hakuna aliyeondoka kabla haijaisha.

Mara moja mpira ulirudi ukapita karibu na sikio langu, nikausikia ukilia. Nikageuka jukwaani. Mama alikuwa amesimama, mikono kichwani. Nikampungia. Akakaa, taratibu.

Hakwenda kwenye gari.

Tukiwa tunatoka akaniuliza, "Mwakani unaacha?"

"Nafikiria."

"Na umri huo bado unafikiria!"

Ninachowaambia, ndugu zangu, ni hiki. Mtu wako akikufanyia jambo la ajabu nyuma ya mgongo wako, usikimbilie kuuliza "umenifanyia hivi kwa nini." Nilimuuliza mama hivyo nikiwa nimefura, na angekuwa mwingine angenifungia mlango. Muulize kwanza anaogopa nini. Mama yangu alinijibu kwa maneno machache, na miaka mitatu yote nilikuwa sijamuuliza.