Mama na Baiskeli ya Minazi

Juzi fundi wa umeme alikuja kutengeneza nguzo iliyo mbele ya nyumba yangu. Alivaa vyuma miguuni akaanza kupanda, na kila hatua vile vyuma viliuma mti kwa sauti kavu, kra, kisha kimya kidogo, kisha kra tena. Nilikuwa napepeta mchele. Nikaacha ungo mapajani, nikamtazama mpaka alipofika juu, hata mjukuu wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, namkumbuka mama.

Tulikuwa tukikaa Somanga, zamani za Mwingereza, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Baba alikuwa mkwezi wa minazi. Minazi mingi ya pale mtaani alikuwa ameichonga vidato mwenyewe kwa panga, tangu ujana wake, na alipanda bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake. Kifua chake kilikuwa na ngozi ngumu iliyosuguliwa na magome, nami nikiegemea pale jioni nilisikia harufu ya jasho na makumbi mabichi. Wenye mashamba walimwita kutoka hata Kinjumbi. Ujira wake ulikuwa nazi, na nazi hizo ndizo zilizotuvisha na kutulisha.

Mwaka mmoja akaanza kukataa kazi. Mara mgongo unauma, mara upepo mkali. Siku moja alipanda mnazi hadi nusu, akakaa pale muda mrefu, kisha akashuka mikono mitupu, akaingia ndani.

Haukupita mwezi, mjomba Selemani, kaka yake mama, akaja kututembelea. Alikuwa akifanya kazi gereji Lindi, na alikuja na gunia lenye vyuma vilivyogongana ndani. Alikuwa ametengeneza chombo cha kukwelea kutokana na mabaki ya lori bovu la jeshi: pete mbili za waya mnene, moja ya mguu huu na moja ya mguu ule, kila moja na kibao cha chuma cha kukanyagia. Unaizungusha pete kwenye shina. Ukikanyaga, inabana, ukiinua mguu, inalegea, nawe unaipandisha. Kiunoni unafunga mkanda. Mjomba alisema hata asiyejua kukwea angefika juu, na kwamba kidato hakina kazi tena.

Baba alikipokea, akakipapasa kwa vidole kipande kwa kipande, akakirudisha. Alisema ni kazi nzuri, lakini yeye amezoea miguu yake. Hapo mama, aliyekuwa akikuna nazi pembeni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi nitajaribu mimi."

Tulicheka sote. Yeye hakucheka.

Kesho yake alivaa suruali ya kaki ya baba, akajifunga kanga juu yake, akaanza na mnazi mfupi wa nyuma ya nyumba. Baba alikaa chini, kiganja chake kwenye shina, akimwelekeza. Baada ya wiki mbili alipanda mirefu. Watu walikuja kutazama kama wanatazama ngoma. Chombo wakakipa jina, baiskeli ya minazi, na mama wakamwita dereva. Bibi mzaa baba alikaa siku tatu bila kuipokea shikamoo yake. Kisimani wasichana wenzangu waliniuliza kama siku hizi nina baba wawili, nami nikarudi na ndoo nusu, nikilia.

Nilimwambia mama maneno mabaya siku ile. Nilimwambia anamwaibisha baba, kwamba baba ni mkwezi naye yupo mzima, kwa nini asimwachie kazi yake. Mama aliendelea kukunja makuti. Alijibu kwamba amependa chuma cha mjomba, basi, na kila mtu ana anachokipenda.

Kisha ikaja siku ya mnazi mrefu wa karibu na msikiti. Mama alikuwa ameshaangusha mashada mawili na anashuka, mara pete moja ikagoma. Aliivuta, haikutoka. Akavuta tena, na mwili wake wote ukayumba. Wanawake waliokuwa wakiokota nazi wakaziacha, wakasogea kando. Mimi nilificha uso kwenye mgongo wa bibi, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kutazama kwa siri.

Baba hakuinua kichwa. Aliweka viganja vyote viwili kwenye shina na sikio lake juu ya gome.

"Somoe," alimwita mama kwa jina lake, "ni ya kulia. Usiivute. Inua kisigino kwanza, vidole viache palepale."

Tukasikia kra. Pete ikalegea. Mama akashuka, hatua baada ya hatua, na alipogusa ardhi baba alinyoosha mkono kumshika bega, akakamata hewa, akanyoosha tena ndipo akampata. Nilidhani ni hofu.

Miaka mingi baadaye, baba alipokuwa hatoki tena bila kushikwa mkono, nilimuuliza mama macho ya baba yalianza kufifia lini. Akanitajia mwaka ule ule. Baba alikuwa haoni tena lipi dafu na ipi nazi iliyokomaa, na siku aliyoshuka mikono mitupu alikuwa ameona vidato viwili mahali palipo na kimoja. Hakutaka watu wamwonee huruma. Mama akaona heri wamcheke yeye kwa wazimu wake wa chuma, na waliocheka hawakukumbuka kuuliza kwa nini mkwezi amekaa chini.

Nilimwomba radhi kwa maneno yale niliyomwambia siku aliyokuwa akikunja makuti. Alisema hata hayakumbuki, lakini nadhani alikuwa akiyakumbuka.

Nikamuuliza kama kweli alikipenda kile chombo. Alisema wiki ya kwanza alitapika kila akishuka. Baadaye akawa anakaa kule juu muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka: anatazama mikoko, anatazama maji yanavyobadilika rangi kwenye fungu la mchanga, anatazama vumbi la lori linalotoka upande wa Tingi kabla mtu yeyote chini hajalisikia.

"Nikishuka namsimulia baba yako," alisema. "Alikuwa ananiuliza yote, hata ndege."

Nami miaka yote ile, nikiwaona wameketi chini ya mnazi wakinong'ona, nilidhani wanazungumza habari za nazi.