Mkubwa wa Yugu

Baba yangu aliitwa Jale. Alikuwa mfyatua matofali wa Ludara, upande wa Koboko, na alifungwa miaka sita kwa kosa ambalo mdogo wake, Yugu, alifungiwa miaka miwili. Kosa lilikuwa moja, siku moja, baiskeli moja. Nilikuwepo mahakamani nikasikia, kwa hiyo naandika nilichosikia. Shule niliachia darasa la nne.

Babu alikuwa askari, na baba alikulia kambini, ndiyo maana nyumbani tuliongea Kiswahili cha askari. Vita vilipotufikia mwaka 1979 babu hakujulikana aliko, na nyanya alikuwa amelala na homa, hawezi safari. Mama, Madina, alinifunga mimi mgongoni, nina miaka miwili. Baba akambeba Yugu, aliyekuwa na miaka minane na miguu imevimba. Nyanya akamwambia baba neno moja la kuagana: "Wewe ndiyo mukubwa yake." Wakavuka kwenda Sudan. Nyanya hatukumkuta tena.

Huko ukimbizini, na hata tuliporudi mwaka 1987, baba alilishika neno hilo. Mbuzi wa Yugu akila maharage ya mtu, Yugu akipigana sokoni, baba ndiye aliyekwenda kukaa mbele ya wenye malalamiko. Alisema, "Mimi ndiyo mukubwa. Muongee na mimi." Kwetu mkubwa akijitoa hivyo, hasira hupoa. Wanamkaripia kidogo, wanampa maji, mdogo anaachwa. Niliona mara nyingi. Haikushindwa hata mara moja.

Mwaka 1991 Yugu alipata kibarua kwenye zahanati iliyokuwa inajengwa. Akaona mabati yalipowekwa. Akamjia baba siku ya Alhamisi, baba yuko kwenye udongo mpaka magotini.

"Mukubwa, kesho saa saba watu yote iko msikitini. Nataka baiskeli yako tu."

"Ya kubeba nini?"

"Ya kubeba."

Baba aliendelea kukanyaga udongo. Halafu akasema, "Baiskeli hiyo breki yake hapana. Utaanguka. Nitasukuma mimi."

Alijua. Sitaandika kwamba hakujua. Walikamatwa njiani na mabati kumi na moja, baba anasukuma, Yugu ameshika nyuma. Hawakukana.

Hukumu ilisomwa Arua. Hakimu alitoka kusini, hakusikia lugha zetu. Mkalimani wa Kikakwa hakuja siku hiyo, basi wakamsimamisha mzee Saturnino, polisi mstaafu, atafsiri Kiswahili kwa Kiingereza. Nyuma yangu watu walikuwa wanacheka. "Mabati kumi na moja! Hiyo hata jiko haifuniki."

Hakimu akauliza kama wana la kusema kabla hajawapangia adhabu. Yugu akatikisa kichwa. Baba akasimama wima, akasema kama alivyosema siku zote:

"Mimi ndiyo mukubwa. Huyu mutoto tu. Muongee na mimi."

Saturnino akageuka, akatafsiri. Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno moja nililijua: lida. Darasani kwetu lida alikuwa kiranja, yule anayewaamuru wengine. Nikashika mkono wa mama. Mama hakuelewa kwa nini.

Hakimu akaandika muda mrefu. Kisha akasema, na Saturnino akaturudishia kwa Kiswahili, kwamba watu wawili wakifanya kosa moja hupimwa kwa mizani moja, isipokuwa mmoja wao awe ndiye aliyempeleka mwenzake. Na hapa mshtakiwa wa kwanza amesema mwenyewe, bila kulazimishwa, kwamba yeye ndiye kiongozi. Yeye miaka sita. Wa pili, kijana aliyeongozwa, miaka miwili.

Nje nilimfuata Saturnino. Si kawaida yangu kuwasemesha wakubwa.

"Mzee, baba alisema yeye ni kaka yake."

"Binti, mimi nilisema alichosema. Nimevaa gwanda miaka ishirini. Mukubwa ni yule anayetoa amri."

"Kwetu ni aliyezaliwa kwanza."

Akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya. Akasema rufaa ina siku kumi na nne, na gerezani kuna mfungwa, Paulino, anayeandikia wenzake barua. Yeye Saturnino atathibitisha kwamba alikosea kutafsiri.

Siku ya kumi na mbili tuliruhusiwa kuwaona. Askari wa zamu akapiga kelele, "Bwana mukubwa ya mabati! Wageni yako!" Wafungwa wakacheka, jina lilikuwa limeshamganda. Baba na Yugu wakaja, wakakaa chini bega kwa bega. Paulino alikuwa ameandika tayari. Akamsomea baba kwa Kiswahili ili aelewe anachowekea dole.

"Mimi Jale naomba kwa heshima adhabu yangu ilingane na ya mwenzangu. Mimi si mukubwa ya Yugu, sijawahi kuwa mukubwa yake—"

Dole gumba la baba lilikuwa tayari na wino. Akalirudisha.

"Hiyo nani alisema?"

"Ni ya mahakama, baba," nikasema. "Mkubwa hapo ni lida. Ni kiranja tu."

"Naelewa. Basi aandike ingine."

Paulino akakasirika. "Ingine gani? Neno iko kwa faili, na Saturnino peke yake haitoshi! Lazima wewe ulikane. Ama useme nani alipanga."

Mama akamgeukia Yugu. "Shemeji, sema kitu. Sema mpango ilikuwa yako. Ama mwambie aweke dole."

Yugu alikuwa anachora mchangani kwa kidole. Nilimwangalia sana. Alichora mstari, akaufuta, akauchora tena.

Baba akapangusa wino kwenye kaptula. "Shamba ya muhogo iko namna gani?" akamuuliza mama.

Siku mbili zilizobaki za rufaa zikaisha.

Yugu alitoka mapema mwaka 1993. Baba alikuwa amepelekwa gereza la shamba, mbali, na mwaka wake wa tatu tumbo likamshika, akaugua mwezi mzima, akafa. Tukamleta kwa lori la mihogo. Waliomwosha walisema alikuwa mwepesi kama mtoto.

Uwanjani jeneza likiwa tayari kunyanyuliwa, sheikh akauliza nani atazungumza kwa niaba ya nyumba.

"Mukubwa ya hapa ni nani?"

Watu wakamtazama Yugu. Alikuwa mwanamume pekee aliyebaki kwetu. Nikamwangalia mdomo wake, kama siku ile gerezani.

"Iko ndani ya sanda," akasema.

Sheikh akamuuliza tena mukubwa aliyebaki ni nani.